HESABU KWANZA, WAYA BAADAYE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na mafundi wa waya za faiba katika mkutano wa tawi, Kware, Nairobi



Halmashauri ya tawi ilitutaka tuseme juu ya kazi tunayoifanya kila siku hapa Kware, Pipeline, Mukuru kwa Njenga na mitaa jirani, yaani kuvuta waya za faiba na kuziingiza nyumbani mwa watu. Twataka kusema juu ya hesabu ya mwanga unaopotea njiani. Wengine watasema hesabu ni kazi ya wahandisi wa ofisini. Sivyo, ndugu. Ndani ya hesabu hii mna mshahara wako na mna jina lako kama fundi.

TAABU YENYEWE

Nyote mwaijua. Fundi apewa roli ya waya asubuhi, aambiwa nyumba kumi ziwe zimewaka kabla ya jua kuchwa. Hapewi karatasi ya mpango wala mita ya mwanga. Avuta, aunga, taa ya kijani yawaka, mteja atia sahihi. Baada ya siku tatu mteja apiga simu kwamba taa ni nyekundu. Fundi arudishwa, na siku ya kurudi hailipwi. Akirudi mara ya tatu aambiwa kazi yake ni mbovu, na shilingi zakatwa.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akifanya kazi kwa tajiri wa mkataba ambaye hatutamtaja, aliitwa mara nne katika nyumba moja ya ghorofa ya sita. Kila mara alibadili konekta. Mara ya tatu alibadili waya mzima kutoka chini hadi juu. Mara ya nne rafiki yake alimwazima mita. Ndipo ilipoonekana kwamba mwanga ulikuwa ukifika kwenye sanduku la chini la jengo ukiwa umekwisha dhoofika, kwa sababu huko nyuma uligawanywa kupita kiasi. Kosa lilikuwa la mpango, si la mikono yake. Lakini fedha zilikwisha katwa, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Basi shauri letu leo ni hili: kabla ya kuvuta waya piga hesabu, baada ya kuvuta pima, na yote mawili uyaandike.

MWANGA HUPOTEAJE

Faiba ni uzi wa kioo. Mahali unapopita mwanga, katikati ya uzi, ni upana wa maikromita 9 tu, yaani sehemu 9 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Mwanga ukipita humo hupungua kidogo kidogo, kama maji katika mfereji wa udongo.

Zamani ulipungua sana. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi huko Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kioo chaweza kubeba mazungumzo ya simu mbali sana iwapo kitasafishwa hata kisipoteze zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita. Watu wengi walishuku, maana vioo vya siku zile vilipoteza desibeli kama 1,000 kwa kilomita. Mwaka 1970 mabwana watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walifikia desibeli 17. Leo kioo cha kawaida hupoteza kama 0.35 kwa mwanga wa nanomita 1310, na kama 0.2 kwa mwanga wa 1550.

Kao alipewa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huo huo waya za TEAMS na SEACOM zilitoka baharini pale Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya ng'ambo.

Sasa angalieni. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Hata kwa 0.2 tu kila kilomita, hiyo ni desibeli 96, na mwanga wa namna hiyo haufiki. Kwa hiyo njiani kuna vituo vyenye umeme vya kuupa mwanga nguvu mpya, na chini ya bahari pia kuna vikuza mwanga kila baada ya makumi ya kilomita. Lakini kutoka kituo cha mtaa hadi nyumba ya mteja wa Kware hakuna kitu cha kuongeza nguvu. Mwanga hutoka mara moja tu, na kila unachopoteza njiani hakirudi. Ndiyo maana hesabu yetu sisi wa mwisho wa waya ni kali zaidi.

DESIBELI NI NINI

Msiogope neno hili. Desibeli ni njia ya kusema mwanga umebaki sehemu gani. Shikeni haya manne:

Ukipoteza desibeli 3, imebaki nusu.
Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi.
Ukipoteza 20, imebaki sehemu moja ya mia.
Ukipoteza 28, imebaki sehemu moja ya kama 630.

Uzuri wa desibeli ni kwamba hatuzidishi wala hatugawanyi. Twajumlisha tu, kama mama mwenye duka anavyojumlisha deni la mteja. Mwenye kujua kujumlisha aweza kupanga waya.

Hiyo 28 ya mwisho hatukuichagua bure. Mitambo mingi ya kuleta faiba majumbani hufuata kanuni iitwayo GPON, na taa za daraja la B+ katika kanuni hiyo zimeruhusiwa kupoteza desibeli 28 kutoka kituoni hadi nyumbani, si zaidi. Kuna taa za daraja la C+ zinazoruhusu 32, lakini hizo tajiri azinunue kwanza, asiziwaze tu. Fundi na aulize: taa ya kituo chetu ni ya daraja gani? Ni haki yake kujua.

HESABU YA JENGO MOJA LA KWARE

Tuchukue mfano. Tuseme kutoka kituo hadi jengo letu, kwa njia waya unavyokwenda na si kwa njia ya ndege, ni kilomita 6. Katika GPON mwanga wa kwenda nyumbani ni nanomita 1490, na wa kurudi kituoni ni 1310. Ule wa kurudi hupotea zaidi katika kioo, basi twapiga hesabu kwa huo mgumu: 6 mara 0.35 ni desibeli 2.1.

Sasa splita, yaani kile kigawanyaji. Ukigawa mwanga kwa watu wanane, kila mmoja hupata sehemu moja ya nane, na hiyo peke yake ni desibeli 9. Hakuna fundi wala tajiri awezaye kuipunguza. Juu yake chombo chenyewe hupoteza kidogo, basi andika 10.5. Tajiri ataka nyumba 64 kwa taa moja ya kituo, kwa hiyo ameweka splita ya nane barabarani na nyingine ya nane katika jengo: 10.5 na 10.5 ni 21.

Konekta nne, kila moja tuipe 0.5: ni 2. Maungo manane ya kuchoma kwa mashine, kila moja 0.1: ni 0.8.

Jumla ni 2.1, na 21, na 2, na 0.8, yaani 25.9. Tukitoa katika 28, yabaki 2.1.

Mtu wa haraka atasema, "Imetosha, vuteni!" Haitoshi, ndugu. Waya haubaki kama ulivyowekwa siku ya kwanza. Lori litaukata, utaungwa upya. Konekta zitaingia vumbi. Taa ya kituo itazeeka. Mwenye mpango mzuri huacha akiba ya desibeli 3 au zaidi kwa siku hizo. Mpango huu una 2.1 tu. Nyumba zitawaka leo, na mwakani fundi ataitwa usiku na mchana bila kuona kosa lolote, kwa kuwa mpango wenyewe umekonda.

Badili kitu kimoja tu. Ile splita ya barabarani iwe ya nne badala ya nane. Splita ya nne hupoteza kama 7.2. Sasa jumla ni 2.1, na 17.7, na 2, na 0.8, yaani 22.6. Yabaki 5.4. Hapo fundi alala usingizi.

Bila shaka nyumba zimekuwa 32 badala ya 64 kwa taa moja, na tajiri atalalamika juu ya gharama. Ni haki yake kuchagua. Akitaka 64, na anunue taa za C+ au alete kituo karibu. Lakini asichague bei nafuu kisha gharama ya uchaguzi wake ailipe kibarua kwa siku zisizolipwa.

KIOO SI ADUI

Mkitazama hesabu hiyo mtaona jambo ambalo wengi hawalidhani. Kilomita zote sita zimekula 2.1 tu. Splita zimekula mara nane na zaidi ya hapo. Konekta nne, ambazo zote zaingia katika kiganja kimoja, zimekula karibu sawa na safari nzima.

Basi hapa mtaani urefu si jambo la kuogopa. Mita 100 za kioo hupoteza desibeli 0.035, kitu ambacho mita yako haitakionyesha vizuri. Lakini konekta moja chafu ikila desibeli 1, imekula sawa na karibu kilomita 3 za kioo.

Kwa hiyo ukipanga njia ya waya, usikimbilie njia fupi. Tafuta njia yenye kona chache na maungo machache. Ni afadhali uzunguke jengo zima kwa waya mmoja usiokatwa, kuliko kupita njia ya mkato yenye maungo mawili na kona tatu kali. Na ni afadhali kubeba roli ndefu hata ghorofa ya saba kuliko kuunganisha vipande vilivyobaki vya jana.

WEZI WANNE WA MWANGA

Kwanza ni kona. Kioo kikikunjwa sana mwanga hutoka nje ya uzi. Faiba ya kawaida ya aina ya G.652 haitakiwi kukunjwa katika duara ambalo kutoka katikati hadi ukingo ni chini ya milimita 30. Aina ya G.657.A2, iliyotengenezwa kwa ajili ya majumbani, huvumilia hadi milimita 7.5. Kama hujui umeshika aina gani, usikunje kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Na zile kamba za plastiki za kufungia waya ngazini, usizikaze hata waya ukaingia kiuno. Mfunge mtoto mgongoni, lakini apumue.

Pili ni vumbi. Jina la Kware lenyewe latokana na machimbo ya mawe, na vumbi twaliona kila siku. Chembe ambayo jicho halioni yatosha kuziba njia ya maikromita 9. Usiguse kichwa cha konekta kwa kidole, usikipulize kwa mdomo, usikifute kwa shati. Kifute kwa kitambaa chake au kalamu yake ya kusafishia, kila mara kabla ya kuchomeka, hata kama kimetoka katika mfuko mpya. Na kifuniko kisitoke mpaka saa ya kuchomeka.

Tatu ni kuoza isivyopasa. Konekta ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haikukatwa hivyo. Ukiichomeka ya kijani katika ya bluu, vichwa havigusani sawasawa na mwanga mwingi hupotea. Zaingia, ndiyo, lakini si mke na mume. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu.

Nne ni maji na nguvu. Sanduku la maungo likiachwa wazi juu ya nguzo, mvua za masika huingia. Na waya ukivutwa kwa nguvu za watu watatu, kioo hupata ufa usioonekana leo.

Mwenye kupata mashine ya OTDR ashike dokezo hili. Pima kwa 1310 na tena kwa 1550. Ukiona mahali pamoja panapoteza zaidi kwa 1550 kuliko 1310, hapo kuna kona, maana mwanga wa wimbi refu ndio unaotoroka kwenye kona. Ukiona hasara ni karibu sawa kwa yote mawili, tazama uungo au konekta. Kwa njia hiyo hutapanda ngazi bure.

PIMA, KISHA UANDIKE

Karatasi ya hesabu yatuambia pia mita isome nini. Katika mfano wetu, taa ya kituo ya B+ yatoa angalau 1.5 juu ya sifuri. Tukitoa 22.6, twatazamia nyumbani mita isome 21.1 chini ya sifuri. Ikisoma vizuri kidogo kuliko hapo si ajabu, maana tulipiga hesabu kwa mwanga mgumu.

Lakini ikisoma 25 chini ya sifuri? Kifaa cha nyumbani kitawaka, kwa kuwa kifaa cha B+ chaweza kusikia hadi 27 chini ya sifuri. Mteja atafurahi na msimamizi atasema twende nyumba nyingine. Fundi mwenye karatasi hatakwenda. Atajua kwamba karibu desibeli 4 zimepotea mahali ambapo hazikupangwa, na atazitafuta sasa, akiwa bado analipwa.

Pima mara mbili: katika sanduku la jengo kabla hujavuta, na nyumbani baada ya kuvuta. Andika tarehe, jengo, mlango, na namba zote mbili. Kama sanduku lilikuwa dhaifu ulipofika, karatasi itasema. Kama mteja alikunja waya nyuma ya kabati baada yako, karatasi itasema hilo pia.

JUU YA NGUZO NA NGAZI

Kioo hakipitishi umeme, na kwa ajili hiyo wengine wamekuwa wajasiri kupita kiasi. Waya nyingi za kuingiza nyumbani zina uzi wa chuma wa kuzibeba, na chuma chapitisha umeme. Hapa ghorofa zimesongamana na nyaya za stima zapita karibu na roshani. Njia yenye kupita kando ya stima ikataeni, hata kama kwenye karatasi ndiyo fupi. Tumekwisha onyesha kwamba mita mia za kuzunguka ni kama bure kwa mwanga. Hakuna hesabu inayomlazimisha mtu kufa.

Tena, mwanga wa faiba hauonekani kwa macho, lakini waweza kuumiza jicho. Usichungulie ndani ya waya kujua kama uko hai, tumia mita. Na vipande vya kioo unavyokata vikusanye katika chupa yenye kifuniko. Usile chakula mahali ulipokata.

TWADAI NINI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 19, yaruhusu mwajiri kukata mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa sababu ya kosa la makusudi la mfanya kazi. Mpango uliokonda si kosa la makusudi la fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na Katiba ya mwaka 2010, fungu la 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na haki ya kuingia katika chama. Mkifanya kazi kwa mkataba wa kila nyumba, bila kuandikwa kama waajiriwa, leteni mkataba wenu ofisini mwa tawi uangaliwe, maana hapo ndipo wengi wananyimwa kinga ya sheria ya ajira.

Basi twaleta mbele ya mkutano madai haya matano:

1. Kila jengo lipimwe na lipigiwe hesabu kabla ya kuvutwa waya, na muda huo ulipwe kama kazi.
2. Kila kundi la mafundi lipewe mita ya mwanga na vifaa vya kusafishia, si kwa kuazimana.
3. Karatasi ya vipimo itiwe sahihi na fundi na msimamizi, kila mmoja abaki na nakala.
4. Kurudi kwa mteja kulipwe, isipokuwa vipimo vikionyesha kwamba kosa ni la fundi.
5. Mikanda ya kupandia, ngazi nzima na miwani ya kukata kioo vitolewe na mwajiri.

Nasi kwa upande wetu tutoe ahadi. Chama hakiwezi kumtetea mtu anayefuta konekta kwa shati. Tukidai haki kwa karatasi, na kazi yetu iweze kusimama mbele ya karatasi hiyo hiyo.

Kuanzia wiki ijayo karatasi za mfano, zenye nafasi za kujaza namba, zitapatikana kwa katibu wa tawi. Mwenye kujua hesabu akae na asiyejua. Na nyumba ya kwanza utakayoipiga hesabu, mlete hata kama imekosewa, tuiangalie pamoja.

Umoja ni nguvu.